Wati si mwanga, jamani!

Mnanicheka kwamba mtoto wa pwani nafuga matumbawe kwenye tangi la lita 60 hapa Uingereza, tena taa ni ghali kuliko tangi lenyewe. Chekeni, lakini nisikilizeni.

Muuzaji aliyeniambia "chukua wati nyingi, basi" alinipoteza, na matumbawe yangu ya kwanza yakafa. Wati ni umeme unaoulipia, si mwanga unaomfikia mnyama. Ndani ya mwili wa tumbawe mna mwani usioonekana kwa macho, ndio unaompikia chakula kwa mwanga, hasa wa buluu. Mwanga ukipungua, mwenye nyumba anakufa njaa pole pole. Ukizidi ghafla, anamtimua mpishi na kubaki mweupe, kama joto la bahari lilivyofanya kwetu mwaka 1998.

Azima kipimo cha PAR, pima pale tumbawe lilipokaa. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 100. Acropora hutaka 200 na zaidi. Anza chini, panda taratibu.

Taa imekushinda? Fuga samaki wa maji baridi. Usiue viumbe kwa kutafuta sifa sebuleni.

Kazi kwenu!