Kubaki mji tuliopelekwa au kufuata ndugu? Wakongo mbele ya uchaguzi mgumu Marekani

Kuna swali moja ambalo wachungaji wetu huulizwa mara nyingi kwa simu na waamini waliofika Marekani: «Mchungaji, tubaki hapa tulipowekwa, ama tuhamie kule ndugu zetu walipo?» Linaonekana kuwa jambo la nyumba moja tu. Lakini linagusa kazi, karatasi, masomo ya watoto na hata umoja wa makanisa yetu. Inafaa tulitazame kwa utulivu.

Tuanze na hali ilivyo. Katika mwaka wa bajeti wa 2024, ulioisha mwezi wa Septemba, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na nchi yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa wingi, karibu watu 20,000. Mwezi wa Januari 2025 mlango ule ulifungwa kwa amri ya Rais Donald Trump. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026, kiwango kilichowekwa mwaka wa 2025 kilikuwa watu 7,500 tu kwa dunia nzima, na wengi wao walitazamiwa kuwa Wazungu wa Afrika Kusini. Matokeo yake tunayajua: baba yuko Marekani, mama au watoto wamebaki Nyarugusu, Nakivale au Kakuma. Waliofika wanabeba mzigo wa waliobaki. Ndiyo maana kuchagua mji vibaya kunaumiza watu wengi kuliko wale wanaohama.

Wengi hawaelewi jinsi mji wa kwanza ulivyopatikana kabla mlango haujafungwa. Mkimbizi hakuchagua mwenyewe. Mashirika ya kupokea wakimbizi, mengine yakiwa ya Kikristo kama Church World Service na World Relief, yaligawana majina. Mwenye ndugu aliyetangulia alipelekwa karibu naye ikiwezekana. Asiye na ndugu alipelekwa penye nafasi. Msaada wa mwanzo ulikuwa wa siku 90: nyumba, vyombo, shule ya watoto, kutafuta kazi. Baada ya hapo ilikuwa kujitegemea, na deni la tikiti za ndege lilingoja kulipwa.

Sheria haimkatazi mkimbizi kuhama, na wengi wanahama kwa sababu za haki. Mama asiyejua Kiingereza, aliye peke yake katika mji usio na mtu wa kusema naye Kiswahili au Kibembe, anaweza kuugua kwa upweke. Kodi ya nyumba inapanda. Habari inafika kwamba Iowa kuna viwanda vya nyama vinavyoajiri hata asiyejua lugha, au kwamba Louisville, Kentucky, kuna Wakongo wengi na ibada ya Kiswahili kila Jumapili. Kazi hizo zimelisha jamaa nyingi. Lakini tusisahau mwaka wa 2020, wakati korona ilipoenea katika viwanda vya nyama kwa sababu wafanyakazi walisimama bega kwa bega. Mshahara ni sehemu moja tu ya habari.

Kuna pia mambo ambayo anayekuita hakuambii. Bima ya matibabu ya Medicaid inasimamiwa na kila jimbo. Ukivuka mpaka wa jimbo, unaomba upya. Kila anayehama anapaswa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Baada ya mwaka mmoja mkimbizi anapaswa kuomba kadi ya ukaaji wa kudumu, na barua ikienda kwenye nyumba ya zamani, jambo dogo linageuka kuwa hatari, hasa wakati huu.

Portland, katika jimbo la Maine, inatufundisha. Mwaka wa 2019, kwa muda wa wiki chache, mamia ya watu, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika huko baada ya kuvuka mpaka wa Meksiko. Walikuwa wameambiana kwamba mji ule una huruma. Na kweli ulikuwa nayo: uliwalaza katika ukumbi wa michezo, na wenyeji wengine wakafungua nyumba zao. Lakini huruma haikuongeza vyumba. Na hao hawakuwa wakimbizi waliopokelewa tangu kambini, wenye ruhusa ya kazi mara moja. Walikuwa waomba hifadhi, ambao sheria iliwataka kungoja miezi kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Mwaka wa 2023 ukumbi uleule ulifunguliwa tena kwa wageni wapya. Habari njema juu ya mji huwa inazeeka haraka kuliko simu zetu zinavyoisambaza.

Biblia inatuonyesha Lutu akichagua bonde la Yordani kwa sababu macho yake yaliona maji na majani. Hakuuliza watu wa huko wanaishi namna gani. Inatuonyesha pia Yeremia akiwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge, wapande, na kuuombea mji ambao hawakuuchagua. Hatusemi kwamba kuhama ni dhambi. Ruthu naye alimfuata mtu aliyempenda, na Mungu akambariki. Tunasema tusihame kwa macho tu.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mmoja atangulie kuona, wengine wangoje. Aulize kodi ya nyumba kabla ya kuuliza mshahara. Watoto wamalize mwaka wa shule. Karatasi zipangwe kabla ya mizigo.

Na tuseme ukweli kwetu sisi viongozi pia. Wako wachungaji wanaoita watu kutoka mji mwingine ili viti vya kanisa lao vijae. Huko si kuchunga. Anayemwita ndugu amtafutie nyumba kwanza. Na sisi tuliobaki Bukavu, Uvira na Goma, tupunguze kumsukuma mtoto wetu akimbilie penye dola nyingi ili atutumie zaidi. Tunaweza kumpotezea mji ambao tayari ulianza kumjua kwa jina.