Mawimbi ya Redio ni Mali ya Taifa

Siku hizi iko mitambo ya redio iwezeshayo magari kupashana habari. Lori likifunga breki ghafula penye kona, dereva wa nyuma hupata onyo kabla hajaliona kwa macho. Lakini mitambo hiyo haisemi bila mawimbi yaliyotengwa kwa kazi hiyo.

Huko Marekani, mwaka 1999 serikali ilitenga megahezi 75 kwa ajili ya barabara. Miaka ishirini ikapita, magari yaliyozitumia yakawa machache mno. Mwaka 2020 ikaamuliwa megahezi 45 zipewe intaneti isiyo na waya. Barabara zikabakiwa na 30.

Sisi twasema: mawimbi ni kama ardhi, mwenyewe ni taifa. Shamba ukiliacha pori, usishangae kukuta mwingine kalima. Hapa kwetu mgawaji wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Twaitaka iyalinde yale ya barabara, na serikali iandae mpango wa kuyatumia. Mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani. Uhai wa msafiri utangulie faida ya mfanya biashara.