Abiria wa Viti vya Nyuma Naye Ana Haki Yake

Mwananchi wa Ulemo, katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, anayekwenda Ulaya kwa masomo au kumtazama mwanawe, huanza safari yake siku nyingi kabla ya kuiona ndege. Kwanza hana budi kufika Dar es Salaam, kwa basi hadi Dodoma, na tangu mwaka 2024 kwa treni ya umeme kutoka hapo, ili apeleke maombi ya viza na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ya viza ya nchi za Schengen ilipandishwa mwezi Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90, nayo hairudishwi hata maombi yakikataliwa. Mwenzake wa Wete, kisiwani Pemba, huvuka bahari kwa shughuli hiyo hiyo. Siku ya safari ikiwadia, wawili hawa hukutana katika daraja la kawaida, nyuma ya ndege, magoti yao yakikaribia kugusa kiti cha mbele.

Hatuandiki leo kulalamikia ufinyu wa viti. Katika daraja hilo, nafasi kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kinachofuata huwa kiasi cha sentimita 80 tu, na baadhi ya tiketi za bei ya chini kabisa hazimruhusu abiria kupeleka sanduku bila ya kulipa zaidi. Hiyo ni biashara, na abiria ameikubali alipotoa fedha zake. Tunachokiandikia ni kile ambacho abiria amekwisha kukilipia lakini hakichukui, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ni chake.

Umoja wa Ulaya ulitunga mwaka 2004 sheria ya haki za abiria wa ndege, ikaanza kutumika Februari 2005. Wengi hudhani kuwa sheria hiyo ni ya Wazungu peke yao. Sivyo. Sheria haitazami rangi wala hati ya kusafiria; hutazama ndege inatoka wapi na ni ya nani. Kila abiria anayeondoka katika uwanja wa nchi za Umoja huo analindwa nayo. Vile vile analindwa anayeondoka Dar es Salaam, Kilimanjaro au Unguja kwenda katika nchi hizo, madhali shirika linalomsafirisha ni la nchi ya Umoja huo. Anayekwenda kwa shirika la Ghuba au la nchi ya Kiafrika hana kinga hiyo wakati wa kwenda, bali anayo wakati wa kurudi.

Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, na ile ya Dar es Salaam hadi Amsterdam inapita 7,000, sheria hiyo iliweka fidia ya yuro 600 kwa abiria aliyechelewa kufika kwa zaidi ya saa nne kwa kosa la shirika. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Kwa mkulima wa alizeti wa Iramba, au mkulima wa karafuu wa Pemba, fedha hizo si za kudharauliwa.

Mwezi Januari 2023 shirika la KLM la Uholanzi lilisimamisha kwa muda safari zake za Dar es Salaam, likitaja hatari ya machafuko nchini. Serikali ilikanusha vikali, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana nchi ilikuwa tulivu. Lakini katika mabishano yale ya heshima ya taifa, ni wachache waliouliza habari za abiria aliyebaki na tiketi mkononi. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2013 kwamba hata pale shirika linapokuwa na udhuru mkubwa wa kutolipa fidia, haliachiliwi wajibu wa kumpa abiria aliyekwama chakula na mahali pa kulala. Hilo nalo ni jambo la heshima ya taifa.

Wazee wanakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa likiruka hadi London kwa ndege zake za Super VC10. Leo hali ni nyingine. Mwezi Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliizuia Air Tanzania kuruka katika anga ya Umoja huo, na mwezi Juni 2025 zuio hilo likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini Tanzania, kwa hoja ya upungufu katika usimamizi wa usalama. Dawa ya jambo hilo si kununa, bali ni kurekebisha palipoonyeshwa. Lakini maadamu wananchi wetu wanapanda vyombo vya wenzetu, hawana budi kuzijua sheria za vyombo hivyo.

Tunawaomba wahusika serikalini, na hasa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wafanye mambo mawili. Kwanza, tangazo la haki za abiria, ambalo sheria hiyo hulitaka liwekwe pale mizigo inapopokelewa, lisomeke kwa Kiswahili fasaha katika viwanja vyetu vyote vya kimataifa. Pili, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lisaidiwe lifike mikoani na visiwani, ili mtu wa Ulemo asilazimike kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya kutoa lalamiko. Haraka inahitajika: mwezi Juni 2025 mawaziri wa usafiri wa Ulaya walikubaliana msimamo wa kuirefusha mipaka ya saa za kudai fidia, na Bunge lao likaupinga. Ikiwa wenyewe wanagombania haki hiyo, sisi tusiojua kuwa tunayo tutaipoteza bila ya kuionja.

Nao abiria wasingoje kufanyiwa kila jambo. Asiyekula nyama ya nguruwe aagize chakula chake mapema, siku moja au zaidi kabla ya safari. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, mzigo ulioharibika hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kupokewa. Kwa hiyo kipande cha tiketi na risiti ya sanduku visitupwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Katika mabasi yetu huandikwa: abiria chunga mzigo wako. Ni wosia mwema, lakini haukamiliki. Abiria achunge na haki yake, na Serikali imwonyeshe ilipo.