Márquez akihama ni jasiri, Martín akihama ni msaliti?

Wiki ya testi imenimaliza, ila kuna jambo limenikaa kooni, leo nalitema. Kila tetesi za usajili wa MotoGP zikianza, humu hosteli lazima usikie: "Martín hana shukrani, atahama tena tu." Hivi tunatumia kipimo gani jamani?

Mwaka 2023 Marc Márquez alikuwa na mkataba na Honda mpaka mwisho wa 2024. Pikipiki ilikuwa kimeo, anaanguka kila kukicha. Oktoba wakakubaliana waachane, mwaka mzima kabla ya muda, akaenda Gresini kupanda Ducati ya msimu uliopita. Mlisemaje? Jasiri! Mfalme kavua taji! Sawa, hata mimi nilipiga makofi.

Njoo kwa Jorge Martín. 2022 Ducati walimruka, kiti cha timu ya kiwanda wakampa Enea Bastianini. Akanyamaza, akapiga kazi Pramac. Juni 2024 anaongoza msimamo wa dunia, kiti kiko wazi tena. Márquez akasema hadharani kwamba Pramac yeye haendi, na Ducati wakampa yeye kiti. Mbio 7 tu kati ya 20 zilikuwa zimekimbiwa! Martín akasaini Aprilia, halafu (hapa ndipo ninapompendea) akabeba ubingwa na Pramac ileile, pointi 10 mbele ya Bagnaia wa timu ya kiwanda. Tangu MotoGP ianze 2002, hakuna wa timu ya nje ya kiwanda aliyewahi kufanya hivyo.

Najua mshkaji wangu wa chumba atarukia hapa: Bagnaia alishinda mbio 11, Martín 3. Kweli kabisa. Lakini ubingwa ni pointi kaka, na ukianguka hupewi pointi za pole.

Mtasema Ducati hawakukosea, si Márquez kawa bingwa 2025? Sibishi. Kiwanda kiliangalia maslahi yake. Basi na dereva aangalie yake.

Maana 2025 ndiyo mliyomsulubu nayo. Aliumia kwenye majaribio Sepang, akaumia tena mazoezini, akarudi Qatar akavunjika mbavu. Mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kumruhusu kuondoka, kikitegemea mbio za mwanzo wa msimu. Mbio zenyewe hakuzikimbia, yupo hospitali! Akaomba muda uongezwe, Aprilia wakagoma. Alipotaka kukitumia hivyohivyo, akaitwa msaliti. Julai, kule Brno, akasema anabaki. Hata huko kubaki mkakuita woga.

Na tetesi za 2027 ndizo zinanipa nguvu zaidi. Injini zinashuka kutoka 1000cc hadi 850cc, matairi yanatoka Michelin yanakuja Pirelli, na vile vifaa vya kushusha pikipiki wakati wa mbio vinapigwa marufuku. Hakuna kiwanda kinachoweza kumwonyesha dereva matokeo ya mbio hata moja ya pikipiki hiyo kabla hajasaini. Anasaini gizani. Ningekuwa meneja wake, hicho kipengele cha kuondoka ningekiandika ukurasa wa kwanza, tena kwa wino mwekundu. Anayebisha aje na hoja, matusi abaki nayo. Nawahi foleni ya kantini.