Redio ya Kijapani Haiisikii Singida

Kuna imani imeota mizizi kwa wenye magari hapa Singida, kuanzia madereva wa Noah za Kiomboi hadi wanunuzi wa alizeti na walimu wenye IST zao: redio iliyokuja na gari haiguswi. Ni orijino, kaifunga Mjapani mwenyewe. Ukiitoa umeharibu umeme wa gari na umeshusha bei yake, na ukiweka ya mtumba mahali pake, basi umelitia gari aibu. Imani hii ni ya hovyo. Wanaoishikilia ndio hao wanaotoka Dodoma hadi Singida mjini, kilomita kama 240, wakisikiliza mkwaruzo na flashi yenye nyimbo zilezile.

Tuanze na jambo ambalo muuza magari hakwambii. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kupokea megahezi 76 hadi 90. Kwetu FM inaanzia 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo gari likishushwa bandarini Dar es Salaam, redio yake inaambulia kijipande cha chini kabisa, hapo kwenye 88 na 90. Vituo vingine vyote vinarusha matangazo na yenyewe haina habari. Ni kweli Wajapani wenyewe walipanua masafa yao hadi 95 kuanzia mwishoni mwa 2014, baada ya kuzima televisheni ya analojia, lakini magari mengi yanayokimbia barabara ya Manyoni ni ya kabla ya hapo. IST ya 2003 haikusubiri mabadiliko hayo. Na hata hiyo 95, kutoka hapo hadi 108 ni mbali.

"Sasa bosi, redio ya nini kubadilisha? Nakufungia ekspanda, kazi imeisha." Maneno haya utayasikia kwa fundi yeyote wa umeme wa magari. Ekspanda yenyewe ni kiboksi kidogo kinachofichwa nyuma ya dashibodi: waya wa antena unaingia upande huu, unatokea upande ule kwenda kwenye redio, na waya mmoja mwekundu unachukua umeme. Kazi yake ni kuyashusha masafa. Chukua ile inayoshusha kwa megahezi 18. Kituo kilicho 100 utakikuta kwenye 82, na cha 106 utakikuta kwenye 88. Ndiyo maana abiria akimwambia dereva "weka mia na moja nukta tano", dereva anabaki kukuna kichwa. Kwake kituo hicho kinaitwa themanini na tatu nukta tano.

Hilo la namba tungelivumilia. Lisilovumilika ni hesabu. Masafa yetu yana upana wa megahezi 20 na zaidi. Dirisha la redio ya Kijapani ni megahezi 14. Huwezi kuingiza 20 ndani ya 14, hata fundi awe bingwa namna gani. Kwa ekspanda ya 18, kituo cha 92 kinashuka hadi 74, chini ya sakafu ya redio, na hapo umeshakikosa. Ukichagua ekspanda nyingine unaviokoa vya chini na kuvipoteza vya juu. Juu ya hayo, kiboksi cha bei ya chini huongeza kelele, na mawimbi yakianza kufifia huko porini kuelekea Itigi unaachwa na mvumo mtupu. Hii ndiyo dawa ambayo watu wanaiona nafuu kuliko kubadilisha redio!

Zile zenye skrini ya kiwandani ndizo kichekesho zaidi. Menyu ni ya Kijapani, na televisheni yake ni ya mfumo wa Japani usiopatana na ving'amuzi vyetu. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani, siku ukichomoa betri, zinadai kadi ya ramani ndipo zifanye kazi. Kadi yenyewe ni ya barabara za Osaka na Nagoya, nawe uko Ikungi. Kadi ikipotea, umebaki na kioo cheusi kinachokudai kitu kwa lugha usiyoijua, na bado unamwambia mnunuzi kwamba redio ni orijino.

Wapo waliokwisha kuelewa, ila wakarukia upande wa pili: skrini mpya kubwa za Android zenye jina usilowahi kulisikia. Zina FM yetu, sikatai. Lakini usidanganyike na wati "50x4" zilizoandikwa usoni. Redio inayotegemea umeme wa gari, volti 12 hadi 14, bila amplifaya ya pembeni, inagota kwenye wati 25 hivi safi kwa kila spika ya omu 4. Hata kampuni kubwa huandika hiyo 50, ila kitabu chao ndani kinakutajia ile ya kweli. Na dereva anayetazama video huku akishuka kona za Sekenke nyuma ya malori ya Rwanda na Congo, huyo wala sina la kumwambia.

Mimi nasema nunua mtumba. Redio ya kampuni inayojulikana, yenye USB na Bluetooth, iliyotumika Uingereza au Dubai, ambako FM ni ya 87.5 hadi 108 kama yetu. Hapa ndipo sifa za "used ya Japani" zinapogeuka mtego. Injini ya Japani chukua, gia boksi chukua, taa chukua. Redio ya Japani iliyotumika achana nayo, maana unatoa kiziwi unaweka kiziwi mwenzake.

Kuhusu umeme kuharibika, anayeuharibu ni fundi mwenye kisu. Toyota nyingi zina plagi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na zipo soketi za kuunganishia zinazoingia humo bila kukata hata waya mmoja. Mwambie fundi waya wa njano uende kwenye umeme wa kudumu, mwekundu uende kwenye umeme wa swichi. Akiiunga yote miwili pamoja kwenye wa kudumu, usishangae ukiikuta betri imekufa asubuhi. Redio ya zamani ifunge kwenye boksi uiweke stoo. Siku ya kuuza gari mkabidhi mnunuzi, uone kama bei itashuka.

Lipo jambo moja ambalo wapinzani wangu wana haki nalo: redio nyingi za mitaani zimeng'olewa kwenye magari ya watu. Kwa hiyo usinunue kwa mtu anayetembeza na mfuko wa rambo jioni. Nunua dukani, dai risiti yenye namba ya redio.

Na kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiunganishe kwenye betri, azungushe masafa mbele yako. Ikifika 108, lipa. Ikigota 90 na kurudi 76, mrudishie, hata kama anakuapia kwamba imetoka Japani juzi.