Wito: Historia ya Wazanzibari wa Durban Iwafae Wenyewe

Katika jiji la Durban, Afrika Kusini, wapo watu wanaoitwa Wazanzibari. Hawakwenda juzi kutafuta kazi. Wazee wao walishushwa bandarini hapo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na mpaka leo wajukuu zao wanaswali, wanaoana na kuzikana kama jamaa moja. Wanatuhusu sisi wenye Kiswahili kuliko tunavyodhani, na ndiyo maana ninaandika wito huu.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja. Wakati huo manowari za Uingereza zilikuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa, na kila jahazi lilipokamatwa lilizuka swali lile lile: hawa watu wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, na aliyerudishwa aliweza kukamatwa tena njiani. Baadhi waliwekwa Freretown, Mombasa, kwenye makazi ya wamisheni yaliyopewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja kuudai mkataba ule. Wengine Askofu Edward Steere aliwatoa Unguja mwaka 1876 na kuwapeleka Masasi. Na wengine walipelekwa kusini kabisa, koloni la Natal, lililokuwa na mashamba ya miwa na uhaba mkubwa wa vibarua.

Kundi la kwanza, watu zaidi ya mia moja, lilifika Durban Agosti 1873. Hadi kufikia 1880 walikuwa mamia. Walikuwa huru kwa jina, lakini waliingizwa kwenye mikataba ya kazi chini ya ofisi ile ile iliyosimamia vibarua kutoka India. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, ndugu wa Wamakua tunaowajua Masasi na Nanyumbu. Jina la Zanzibar liliwashika kwa sababu safari yao ya kwenda Natal ilipitia huko, nao wakalishika.

Walio Waislamu miongoni mwao walifanya makazi yao King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, ng'ambo ya mlango wa bandari. Wadhamini wa Msikiti wa Juma wa Grey Street, ulioanzishwa na wafanyabiashara wa Kihindi, waliwanunulia ardhi hapo. Wakajenga msikiti, wakalima, wakazika wafu wao. Kimakua kilisemwa majumbani. Kisha ikaja serikali ya ubaguzi wa rangi na sheria zake za 1950, za kuwaandikisha watu kwa rangi na kuwagawia maeneo ya kuishi. Wazanzibari wakawa fumbo kwa makarani: ni Waafrika kwa sura na asili, ni Waislamu kwa dini, na wanaishi chini ya mwavuli wa jumuiya ya Wahindi. Mwishowe wakaandikwa kuwa "Waasia Wengine". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliondolewa Bluff, eneo likawa la Wazungu, nao wakahamishiwa Bayview, mtaa wa Chatsworth, kitongoji kilichotengwa kwa ajili ya Wahindi. Makaburi ya wazee wao yakabaki kilimani.

Sasa mtazame mtalii anayefika Durban leo. Anatembea ufukweni, anapigwa picha na wavuta riksho waliovaa mataji ya shanga, anakula mkate uliochimbwa na kujazwa mchuzi wa Kihindi. Akiwa na hamu ya historia anapelekwa Inanda: makazi ya Phoenix aliyoyaanzisha Gandhi mwaka 1904, na shule ya Ohlange ya John Dube, mahali Nelson Mandela alipopiga kura yake tarehe 27 Aprili 1994. Ni njia nzuri na inastahili kila mgeni. Lakini kutoka pale pale ufukweni, akigeuka kusini, anakiona kilima cha Bluff. Anakitazama, anakipiga picha, anaondoka bila kujua walioishi pale.

Si kwamba wasomi hawakufanya kazi. Mwaka 1973, Zubeida Seedat aliandika tasnifu yake ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Natal kuhusu Wazanzibari wa Durban. G. C. Oosthuizen aliandika juu yao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2014 Preben Kaarsholm wa Chuo Kikuu cha Roskilde, Denmark, alichapisha utafiti unaoonyesha jinsi twarika za Kisufi zilivyowaunganisha na Msumbiji na Bahari ya Hindi nzima. Ni kazi za thamani. Ila zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomi wenzao. Kijana wa Bayview anayetaka kujua babu wa babu yake alitoka wapi, au mwanafunzi wa Mtwara mwenye swali hilo hilo kutoka upande wa pili, atahangaika sana kabla ya kuzipata.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo linaweza kuwa la kidijitali, na Durban yenyewe ina mfano. Tangu 2008 maktaba za manispaa ya eThekwini zimeendesha mradi wa Ulwazi, ambamo wakazi wa kawaida huandika historia za mitaa yao, kwa Kizulu na Kiingereza, na kuziweka mtandaoni. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho kina mradi wa Zamani, uliopima kwa miale ya leza majengo ya kale ya Afrika, yakiwemo magofu ya Kilwa Kisiwani. Umuhimu wa kupima huko tuliuona tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit el Ajaib ilipoporomoka Unguja na kuua watu. Jengo likianguka bila kuwa limepimwa, hata anayetaka kulijenga upya anabahatisha. Mzee naye akifariki bila kurekodiwa, hakuna fundi wa kumjenga upya.

Lakini haraka ya kurekodi isitufanye wanyang'anyi. Kuna tofauti kati ya kuhifadhi urithi wa watu na kuuchukua. Wasan wa Afrika Kusini, baada ya kuhojiwa na kupigwa picha na watafiti kwa miaka mingi, waliandika kanuni zao wenyewe za utafiti na kuzitangaza mwaka 2017. Wanachodai hakimshindi mtu yeyote muungwana: mtafiti awaheshimu, awaambie ukweli, awatendee haki, awajali, na afuate utaratibu wa kuomba ruhusa. Kanuni hizo zinafaa Bayview, zinafaa Bagamoyo, zinafaa Lamu. Picha ya kaburi la babu wa mtu haiwekwi kwenye tangazo la hoteli bila mwenyewe kuulizwa.

Hapo ndipo kampuni zinapoingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: huo ndio utalii kwa lugha yetu, na mwenyeji asiyepona ana haki ya kuuliza faida imekwenda wapi. Afrika Kusini ina msingi wa kutosha wa wajibu huu. Ripoti za King kuhusu uongozi wa makampuni, kuanzia ile ya kwanza ya 1994, zimefundisha kwamba kampuni ina deni kwa jamii inayoizunguka, si kwa wenye hisa tu. Vigezo vya serikali vya kuwawezesha watu weusi kiuchumi vinaweka lengo la kutoa asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa maendeleo ya jamii. Na mwaka 2019 sekta ya chai ya rooibos ilikubali kulipa asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa Wakhoi na Wasan, kwa kutambua kwamba maarifa ya mmea ule yalianza kwao. Kama majani ya chai yanaweza kulipiwa haki ya asili, historia ya watu nayo inaweza.

Kwa hiyo natoa wito, na ninawataja ninaowaomba.

Watafiti na vyuo vikuu: rudisheni matokeo. Kila tasnifu iliyoandikwa juu ya Bayview ipate muhtasari kwa lugha nyepesi, na nakala ifike maktaba ya Chatsworth na msikitini. Vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi vina wataalamu wa Kiswahili na historia ya pwani. Shirikianeni na wenzenu wa KwaZulu-Natal, ili habari hizi zisomeke kwa Kiswahili pia. Kanda za mahojiano ya zamani, kama bado zipo, familia za waliohojiwa zipewe nakala.

Wenye hoteli, kampuni za utalii na za meli mnaofaidika na bandari ile: kabla ya kulitia jina la Zanzibar au la Bluff kwenye vipeperushi vyenu, kaeni na wazee wa jamii. Lipieni mafunzo ya vijana wao wawe waongoza wageni wa historia yao wenyewe. Lipieni uhifadhi wa picha na nyaraka zao, na mkubali kwamba wao ndio watakaoamua kipi kionekane na kipi kibaki ndani.

Bodi za utalii za Tanzania, Zanzibar na Kenya: kila Mei wadau wa utalii wa Afrika hukutana Durban kwenye maonyesho ya Indaba. Mnapopanga safari, tengeni nusu siku mwende Bayview. Mkunazini, Freretown, Masasi na Bluff ni vituo vya historia moja. Viunganisheni katika safari moja ya kumbukumbu, na mapato yagawanywe kwa haki.

Ndugu zangu Wakongo, Watanzania na Warundi mnaoishi Durban: ninyi mpo karibu. Nendeni Bayview mkawasalimie Wazanzibari hao. Kaeni nao, muwasikilize.

Na wewe uliye mbali, anzia nyumbani kwako. Muombe mama, babu au bibi ruhusa, na umweleze rekodi itatumika wapi. Zima mlio wa simu, iweke juu ya kanga iliyokunjwa ili isikamate vishindo vya meza, funga dirisha la upande wa barabara. Muulize kwanza jina lake kamili, jina la baba na babu yake, na mahali alipozaliwa. Kisha nyamaza, umwache aseme. Ukimaliza, andika tarehe na jina kwenye faili, weka nakala mbili mahali tofauti, na umsikilizishe. Akikuambia "hapa futa", futa.

Wazanzibari wa Durban walinyimwa uhuru, kisha wakanyimwa ardhi. Tusikubali wanyimwe na historia yao. Mwenye kalamu aandike, mwenye fedha achangie, mwenye jamaa amsikilize, na kila kitakachopatikana kifike kwanza mikononi mwa wenyewe.