Kosa la Jana si Ushahidi wa Leo

Ndugu msomaji, juma lililopita mama mmoja wa Nyamirambo alinijia na swali zito. Mwanawe, aliyewahi kutumikia kifungo kwa wizi, amekamatwa tena kwa tuhuma nyingine. Majirani wanasema, "Mwizi ni mwizi, akae huko huko." Mama anauliza: je, mtu aliyekwisha kufungwa aweza kuachiliwa kabla ya hukumu?

Jibu ni ndiyo. Katiba yetu humhesabu kila mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama imtie hatiani. Nayo sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 2019 yasema kuwa kwa kawaida mtuhumiwa huchunguzwa akiwa huru. Ili awekwe mahabusu sharti pawe na sababu nzito za kumshuku, na amri ya hakimu hudumu siku 30, kisha hutazamwa upya.

Basi kifungo cha zamani chaingia wapi? Hakimu hujiuliza: Mtu huyu atatoroka? Atawatisha mashahidi? Atarudia kosa? Ni katika swali hilo la mwisho ndipo habari zake za nyuma huweza kumwelemea. Hata hivyo hupimwa pamoja na mengine. Wenzetu wa Tanzania walichagua njia kali zaidi: sheria yao ya mwaka 1985 ilimnyima dhamana mtu aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 3.

Badala ya mahabusu, hakimu aweza kumwamuru mtuhumiwa asitoke eneo fulani, aripoti siku zilizowekwa, aweke dhamana ya fedha au alete mdhamini. Hapo ndipo jamaa mna kazi. Machozi hayatoshi. Onyesheni kuwa ana makazi yanayojulikana, ana kazi tangu atoke gerezani, ana watoto wanaomtegemea, na kwamba katika kesi ya kwanza alifika kila alipoitwa.

Nanyi askari, mkimkamata mtu mnayemjua kwa kosa la jana, andikeni mliyoyaona leo. Deni la jana alikwisha kulilipa gerezani.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama yule hadi leo anatafuta mdhamini mmoja tu. Je, ndugu msomaji, angekuwa jirani yako, ungesimama?